Je, sheria ya California inakuhesabu kuwa mshawishi? Piga hesabu kabla ya kujaza fomu

Kila jimbo la Marekani lina kipimo chake. Hapa nazungumzia California, ambako kazi yangu ni kuandaa fomu za usajili wa washawishi kwa vyama na mashirika madogo. Mshawishi (lobbyist) ni mtu anayelipwa kuongea na wabunge au maofisa wa jimbo ili kushawishi maamuzi yao. Swali ninaloulizwa sana ni la cheo: "Mimi ni mratibu tu, nijiandikishe kweli?" Cheo hakihesabiwi. Yanayohesabiwa ni malipo na saa, mwezi kwa mwezi.

Hatua ya 1: Unalipwa?
Kama hulipwi, ishia hapa. Mwanachama anayekwenda Sacramento, makao makuu ya jimbo, kwa kujitolea kumweleza mbunge kero za mtaa wake hajiandikishi, hata akienda kila wiki. Kurudishiwa nauli na gharama za safari zilizo za kawaida si malipo.

Hatua ya 2: Unaongea na nani, kuhusu nini?
Wanaohusika ni wabunge na maseneta wa jimbo, wasaidizi wao, na maofisa wa serikali ya jimbo wenye sauti katika maamuzi. Jambo lenyewe liwe mswada, kanuni na mengine ya aina hiyo. Kuuliza mswada umefikia wapi si ushawishi. Madiwani ni habari nyingine: Los Angeles na San Francisco zina sheria zao.

Hatua ya 3: Pima
Hapa ndipo watu wanapoteleza, kwa sababu vipimo ni viwili.

Ukiwa wa mkataba, yaani si mwajiriwa, kipimo ni dola 2,000 au zaidi kwa mwezi mmoja wa kalenda kwa kazi ya kuwasiliana na maofisa hao.

Ukiwa mwajiriwa, angalia saa: theluthi moja au zaidi ya muda unaolipwa katika mwezi mmoja wa kalenda ikienda kwenye mawasiliano ya moja kwa moja, wewe ni mshawishi. Mwenye saa 160 kwa mwezi anahitaji zaidi ya saa 53, na ni wachache wanaofika huko. Lakini mwajiriwa wa saa 30 kwa mwezi anafika kwa saa 10 tu! Mashirika madogo, yenye waajiriwa wa saa chache, ndiyo hunaswa.

Kusoma mswada na kusubiri koridoni havihesabiwi. Hata kikao ulichoingia pamoja na mshawishi aliyesajiliwa wa mwajiri wako hakihesabiwi. Basi weka daftari: tarehe, uliyeongea naye, dakika ngapi.

Hatua ya 4: Ukifikia kipimo
Una siku 10 kujisajili kwa Katibu wa Jimbo. Mshawishi hujaza Fomu 604 na kuambatisha picha yake, mwajiri wake Fomu 603, na kampuni ya ushawishi Fomu 601. Ada ni dola 50 kwa mwaka kwa kila mshawishi, na kuna kozi ya maadili. Ripoti huwasilishwa kila robo mwaka.

Tangu hapo zawadi zako kwa ofisa mmoja zisizidi dola 10 kwa mwezi. Kwa bei za leo, sandwichi moja inaweza kuzimaliza. Malipo ya "ukishinda ndipo nikulipe" ni marufuku.

Hatua ya 5: Hata bila mshawishi
Shirika lisiloajiri mshawishi lakini likatumia dola 5,000 au zaidi katika robo mwaka kushawishi maamuzi ya jimbo nalo huwasilisha ripoti, kwa Fomu 645. Mwambie mhasibu wako mapema, kabla robo haijafungwa.