Picha ya zamani ya Forodhani haina tarehe? Tazama mnara

Ukikutana na picha ya kale ya ufukwe wa Mji Mkongwe, Zanzibar, usiamini haraka muhuri wa posta ulioko nyuma. Wauza kadi walikuwa wakichapa picha ileile miaka na miaka.

Anza na Beit al-Ajaib, jumba la Sultani la Forodhani lililojengwa 1883, na mnara wake. Mnara ukiwa umesimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari, basi picha ilipigwa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku Waingereza walipoipiga mizinga kasri. Mnara ukiwa umeungana na jumba lenyewe, picha ni ya baada ya hapo.

Kisha geukia majini, na hapa ndipo penye utamu. Siku ileile meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa bandarini, ikabaki milingoti tu imechomoza juu ya maji hadi mabaki yake yalipoondolewa 1912. Ukiiona milingoti hiyo, umeshapata miaka kumi na sita ya kuchezea. Kuza picha kwanza lakini, maana milingoti ya jahazi lililotia nanga hudanganya: tafuta kiwiliwili cha chombo chini yake.