Wahitimu wasisikie sauti zenu siku ya harambee tu

Viongozi wa serikali za wanafunzi hapa Tabora, mkimpigia mhitimu wakati wa michango peke yake, akiona namba yenu hapokei. Anzeni kwa kumuuliza nafasi za fildi (mafunzo kwa vitendo). Aliyeko halmashauri ya Nzega, Urambo au kule Kigoma anajua ofisi ipi inapokea wanafunzi na barua ipelekwe lini.

Uongozi wenu hubadilika kila mwaka, kwa hiyo daftari la namba likabidhiwe pamoja na mhuri. Mwaka wa mwisho wakija kusaini kliaransi (fomu ya kuondoka chuoni), wakute daftari mezani: jina, kozi, simu, mkoa anakokwenda. Wakishapanda treni, kuwapata ni kazi.

Na michango iingie akaunti ya serikali ya wanafunzi, si simu ya mwenyekiti (tunajuana).