Kabla ya kutumia hali fiche kwenye saiba

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kompyuta ya saiba (duka la intaneti) moja Mwembe Tayari, Mombasa, nikafungua folda ya vipakuliwa kutafuta fomu yangu. Humo nikakuta nakala za vitambulisho vya watu wanne, cheti cha PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) na barua ya kuomba kazi. Kivinjari kilikuwa kimeachwa kwenye hali fiche, lile dirisha la "incognito" ambalo wengi hudhani linaficha kila kitu.

Kwa hivyo kabla hujaketi, jua kazi ya dirisha hilo. Ukilifunga, kivinjari hakibaki na historia, vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huweka ili zikukumbuke) wala ulichojaza kwenye fomu. Basi. Faili ulilopakua linabaki kwenye mashine mpaka ulifute mwenyewe, ukaliondoe na kwenye pipa la takataka. Na ikiwa ulimtumia mhudumu hati kwa WhatsApp ili akuprintie, hiyo haihusiani na kivinjari chako hata kidogo: iko kwake. Mwombe aifute nawe ukiwa umesimama pale. Si utovu wa adabu, kitambulisho ni chako.

Halafu hesabu madirisha. Katika Chrome, madirisha fiche yote yaliyo wazi huhesabiwa kikao kimoja. Ukifunga moja na jingine limejificha nyuma, akaunti yako ya eCitizen, ile ya huduma za serikali, inaweza kumkuta atakayekaa baada yako ikiwa wazi. Toka kwenye akaunti kwanza, ndipo ufunge yote.

Linalonitia hofu zaidi ni nenosiri. Mashine ikiwa na programu inayonasa kila herufi unayobonyeza, hali fiche haina la kufanya. Mambo ya benki yafanye kwenye simu yako, kwa bando lako. Kwa barua pepe, washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na msimbo au idhini ya ziada, kabla hujatoka nyumbani.

Hata kwenye simu yako, usidhani umejificha. Mwenye Wi-Fi na kampuni ya intaneti wanaweza kujua umeingia tovuti gani. Https, njia ya kusimba mawasiliano kati yako na tovuti, huwaficha ulichosoma na kuandika humo, lakini jina la tovuti kwa kawaida huonekana. Tovuti nayo inaiona anwani yako ya IP, namba ya muunganisho wako wa intaneti, na ukiingia kwa akaunti yako imeshakujua.

Mwaka 2020 watumiaji huko Marekani waliishtaki Google wakidai iliendelea kukusanya taarifa zao wakiwa kwenye hali fiche. Katika makubaliano ya 2024 kampuni ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi, na maelezo yanayotokea ukifungua dirisha hilo yakarekebishwa. Yasome; ni mistari michache.

Jioni ukirudi, shika simu yako, ingia sehemu ya usalama ya akaunti yako ya Google, utazame orodha ya vifaa. Ukiona kompyuta ya saiba ingali humo, iondoe na ubadilishe nenosiri usiku huohuo.