Kumpangia mshiriki kocha anayemfaa katika programu ya kuzuia kisukari

Kazi ya kumpangia mshiriki kocha, yaani anayeongoza kundi la washiriki kubadili ulaji na kufanya mazoezi, inaanzia kwenye fomu ya usajili. Muulize mshiriki anapatikana saa ngapi, anapenda kuzungumzia afya yake kwa lugha gani, na kama anajali jinsia, umri au asili ya kocha. Jibu la "yeyote" liwepo pia. Usikisie kwa kutazama jina au sura. Wapo wasiotaka kabisa kocha wa jamii yao, kwa kuwa wanaogopa habari za uzito wao zitafika kwa ndugu na majirani. Kwa hiyo acha mstari wa kuandika mtu asiyemtaka.

Ukianza kupanga, tanguliza saa, kisha lugha, ndipo jinsia, na mwisho umri na asili. Kocha anayefanana na mshiriki kwa kila kitu lakini anakutana na kundi asubuhi ya siku ya kazi hamfai kitu. Lugha nayo haina mbadala mzuri: ukiweka mkalimani, kila neno linasemwa mara mbili na kipindi cha saa moja kinabaki karibu nusu.

Mahudhurio ndiyo kipimo cha kwanza cha mpango huu. Programu ya kitaifa ya Marekani inadai vipindi visivyopungua 16 katika miezi 6 ya kwanza, na visivyopungua 6 katika miezi 6 inayofuata. Asiyekuja ni vigumu apunguze uzito au afikishe lengo la dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Akikosa vipindi viwili mfululizo, apigiwe simu na mtu mwingine, si kocha wake, na aruhusiwe kuhama bila kudaiwa sababu.

Kufanana kuna mtego wake. Kocha hudhani anajua mwenzake anakula nini, akaacha kuuliza. Mtake asome kwanza kumbukumbu ya chakula ya siku tatu kabla ya kushauri lolote. Tena, kocha pekee wa lugha fulani hurundikiwa watu hadi achoke. Mwekee kikomo mapema, na uanze kumwandaa wa pili.

Kwenye tathmini, usilinganishe waliofananishwa na kocha na waliosema "yeyote", maana hao walitofautiana tangu mwanzo. Linganisha walioomba wakapata na walioomba wakakosa: vipindi walivyohudhuria, kilo walizopunguza, dakika za mazoezi. Kundi moja la watu 12 halitoshi kuamua. Unganisha makundi kadhaa.