Kubadili sabuni, mafuta na krimu ya jua msimu unapogeuka Dar

Ngozi ya mtu wa Dar haiangalii kalenda, inafuata upepo. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, ni fukuto na jasho lisilokauka. Masika huanza Machi na kumalizika Mei. Kusi ikishika, Juni hadi Agosti, joto la usiku hushuka hadi nyuzi 19 au 20 na miguu huamka imepauka. Vuli ya Oktoba hadi Desemba hurudisha fukuto. Anayejipaka mafuta ya kopo moja mwaka mzima hupata harara Januari na kuwashwa Julai. Vitu vinavyotosha ni vitano: sabuni isiyo kali, glisirini, mafuta ya mgando, losheni nyepesi ya maji na krimu ya jua.

Hatua ya 1: Ipime ngozi

Kwaruza paja kwa ukucha taratibu. Ukibaki mstari mweupe, ngozi ni kavu, anza utaratibu wa kipupwe (Hatua ya 3). Kama saa moja baada ya kujipaka shati limeganda mgongoni, fukuto limerudi. Badilisha kitu kimoja, kaa nacho wiki mbili, ndipo ubadilishe kingine. Ukibadilisha vitatu kwa siku moja na vipele vikatoka, hutajua umlaumu nani.

Hatua ya 2: Sabuni

Wakati wa joto oga hata mara tatu, lakini sabuni ipite kwapani, kinenani na miguuni tu. Kwingine maji yanatosha. Sabuni ya mche ibaki kwenye nguo. Kama nyumbani mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, sabuni haitoi povu vizuri na huacha utando unaowasha, hivyo tenga lita mbili za maji ya bomba au ya mvua za kujisuuzia mwisho. Dodoki mara mbili kwa wiki, na likaushwe juani, lisining'inie bafuni.

Hatua ya 3: Mafuta

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu moja: mafuta ya mgando hayaongezi maji kwenye ngozi, yanazuia tu yaliyomo yasitoke. Ukijipaka ngozi ikiwa imeshakauka utang'aa, lakini kufika saa sita unajikuna vilevile. Maji kwanza, mafuta baadaye.

Kwa kipupwe fanya hivi. Ukitoka kuoga jifute kwa kugusagusa taulo, ngozi ibaki na unyevunyevu. Ndani ya dakika tatu paka mchanganyiko wa glisirini na maji (vipimo viko hapa chini), kisha juu yake mgando. Uvuguvugishe kwanza viganjani; kiasi cha punje moja ya kunde kinatosha kuanzia goti hadi kifundo. Ukiona vidole vinaacha alama ya mafuta kwenye simu, umezidisha.

Glisirini haipakwi tupu. Kazi yake ni kuvuta maji, na mchana wa kusi, hewa ikiwa kavu, huyavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe, tena hunata vumbi. Kwenye chupa ya mililita 100 weka vijiko vinne vya chai vya glisirini (mililita 20), jazia maji yaliyochemshwa yakapoa. Weka kwenye friji na uyamwage baada ya siku saba hata kama yanaonekana safi, maana maji yasiyo na kihifadhi huota bakteria na kuvu. Huna friji? Usitengeneze akiba. Dondosha matone matatu ya glisirini kwenye kiganja chenye maji, paka, basi.

Na tafadhali, limao lisiingie humo. Mchanganyiko wa glisirini na limao unapendwa sana mitaani, lakini maji ya limao yakibaki kwenye ngozi kisha ukapigwa na jua, huunguza: malengelenge, halafu madoa meusi yanayokaa miezi. Hata kuosha mikono nusunusu baada ya kukamua ndimu na kutoka nje kunaweza kuleta madoa hayo.

Magaga yanahitaji zaidi. Loweka visigino dakika kumi kwenye maji ya uvuguvugu, paka krimu yenye yurea asilimia 10 hadi 25, funika kwa mgando, vaa soksi za pamba ulale nazo. Usikate ngozi kwa wembe.

Kuacha mgando ni kazi kama kuuanza. Usisubiri harara itoke. Oktoba ikianza kufukuta, uondoe kwanza mgongoni, kifuani na shingoni, uhamie losheni ya maji. Miguu iwe ya mwisho. Usoni usiurudishe kabisa hadi kusi nyingine, na mafuta ya nazi vivyo hivyo kwa mwenye chunusi. Harara ikishatoka, maana yake vijia vya jasho vimeziba, kwa hiyo dawa ni kupoza mwili: maji ya baridi, feni, nguo ya pamba iliyolegea, losheni ya kalamaini palipowasha. Poda haifai, ikikutana na jasho inakuwa uji kwenye mikunjo. Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga wanaopakwa mafuta mazito na kufunikwa Februari.

Hatua ya 4: Krimu ya jua, miezi yote

Jua hupita juu ya utosi wa Dar mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na Oktoba 10, na mionzi yake hupenya mawingu ya masika. Chagua yenye SPF (kiwango cha kinga ya jua) 30 au zaidi, inayozuia mionzi ya UVA na UVB. Kamua mistari miwili yenye urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje au ukitoka jasho jingi. Zenye zinki nyingi huacha weupe kwenye ngozi nyeusi, hivyo tafuta ya jeli, au yenye rangi ya ngozi kama una madoa. Usiiache ndani ya gari. Madoa yasikupeleke kwenye mkorogo: vipodozi vyenye haidrokwinoni au zebaki vimepigwa marufuku nchini.

Hatua ya 5: Masika

Kausha katikati ya vidole vya miguu, uwe na jozi mbili za viatu za kupokezana. Fangasi za vidoleni: krimu ya klotrimazoli, dawa ya fangasi, mara mbili kwa siku, na uendelee wiki mbili baada ya dalili kuisha. Kataa krimu ya mchanganyiko yenye steroidi kama betamethasoni au klobetasoli. Huondoa muwasho huku fangasi zikisambaa chini kwa chini. Mba ya mgongoni hutibiwa kwa shampuu ya ketokonazoli asilimia 2: paka, subiri dakika tano, suuza, kwa siku tano. Mabaka meupe ya mba hubaki miezi hata baada ya kupona, kwa kuwa rangi hurudi polepole. Yakwaruze kwa ukucha. Yasipotoa unga, usinunue dawa nyingine.