Bima ya duka dogo Lamu: hatua za kuchagua kinga inayolingana na mali yako

Fomu nyingi za bima ya biashara zimeandikwa kwa duka lililo kando ya barabara, lori likafika mlangoni. Mzigo wa Lamu hushushwa Mokowe, ukapanda boti, ukashuka gatini, kisha ukabebwa na punda hadi mtaani. Bima isiyoijua safari hiyo haitakufaa siku ya hasara. Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi: saruji, rangi, misumari na mabati.

Hatua ya 1: Hesabu mali kwanza, bei baadaye. Orodhesha kila kitu kwa bei ya kununulia pamoja na nauli ya kukifikisha dukani. Usiihesabu faida. Chukua mwezi ambao ghala hujaa zaidi, si leo ambapo rafu ni tupu. Hapa ndipo wengi huumia. Tuseme mali ni ya shilingi 1,200,000, nawe umeandika 600,000 ili ulipe kidogo. Moto ukila mali ya 400,000, kampuni itasema umekata bima ya nusu, basi utalipwa nusu: 200,000. Ikiwa mkataba unakutaka ubebe asilimia 10 ya kila dai, unabaki na 180,000. Bima kamili ingekulipa 360,000. Uliokoa elfu chache za ada ukapoteza 180,000.

Hatua ya 2: Eleza jengo lilivyo. Fomu itauliza kuta na paa. Nyumba ya mawe yenye dari ya boriti huandikwa "mawe" bila kufikiri, na juu kuna makuti. Yaandike makuti hayo, hata kama yamefunika kipembe kimoja tu cha sakafu ya juu. Ada itapanda, ndiyo, lakini ukificha, kampuni ina haki ya kukataa dai. Taja pia kama jirani mnayegawana ukuta ameezeka makuti. Katika mitaa hii moto hauulizi mpaka. Ukiwa na jiko la gesi, au umeweka petroli na thina ya kuyeyushia rangi nyuma ya duka, sema.

Hatua ya 3: Chagua kinga moja moja.

Moto na majanga ndio msingi. Uliza waziwazi kama mafuriko yamo, hasa ukiwa karibu na bahari ambapo maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, yanaweza kupanda. Unyevu na chumvi inayokula ukuta polepole kwa kawaida havilipwi. Ugaidi na ghasia za kisiasa pia haviko ndani ya bima ya kawaida ya moto. Huongezwa kando kwa ada yake. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, hakuna mfanyabiashara wa kaunti hii anayepaswa kupita swali hilo.

Bima ya wizi hulipa hasara iliyoletwa na mwizi aliyevunja, na lazima alama za kuvunja zionekane. Mali iliyopungua kidogo kidogo rafuni, au aliyoichukua mtu mwenye ufunguo, haimo. Kwa mfanyakazi anayeiba kuna bima ya uaminifu, ambayo ni mkataba mwingine.

Bima ya mzigo njiani ndiyo ya kuisoma neno kwa neno. Ikiwa imeandikwa "kwa gari" tu, inaishia Mokowe. Taka iandikwe: barabara, kupakia na kupakua gatini, boti, na ubebaji hadi ghalani. Ulizia thamani ya juu ya safari moja, maana mifuko 200 ya saruji ikilowa kwa wimbi la kusi huwa haina kazi tena.

Wafanyakazi: sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri kuwakatia bima. Fidia ya kifo au ulemavu kamili wa kudumu ni mshahara wa miezi 96. Kwa mshahara wa 15,000 hiyo ni 1,440,000. Kwenye mishahara unayoitajia kampuni, jumlisha pia malipo ya mahamali unaowaita siku za mzigo.

Hatua ya 4: Linganisha. Chukua bei tatu kwa orodha ileile. Hakikisha kampuni na wakala wamo kwenye orodha ya wenye leseni ya mamlaka ya kusimamia bima, IRA. Asiyetaka bima ya kawaida kwa sababu ya dini, takaful, yaani bima inayofuata sheria ya Kiislamu, ipo Kenya. Nayo uisome kwa makini yaleyale. Juu ya ada ya 20,000, tozo ni asilimia 0.2 kwa ajili ya mafunzo, asilimia 0.25 kwa ajili ya mfuko wa kuwafidia wenye bima, na stempu ya shilingi 40: jumla 130. Ukiona maelfu yameongezwa, uliza ni ya nini.

Hatua ya 5: Lipa kabla ya kuanza. Kwa sheria ya bima, kinga haianzi kabla ada haijalipwa. Lipa kwa kampuni yenyewe, uchukue risiti, na usome karatasi ya kwanza ya hati: anwani, paa, viwango.

Hatua ya 6: Siku ya hasara. Piga picha, toa taarifa siku hiyohiyo, na kwa wizi andikisha polisi. Jeraha la mfanyakazi liripotiwe ofisi ya kazi ndani ya siku 7. Risiti za ununuzi zihifadhi nje ya duka, hata kama ni picha kwenye simu ya nduguyo. Na ile mifuko ya saruji iliyoganda, usiitupe mpaka mkaguzi wa hasara aihesabu.