Warsha ya Kutulia na Kuandika: Anza na Punje ya Ubuyu

Warsha hii ni ya saa moja na robo, kwa watoto wa darasa la tatu hadi la tano. Walio chini ya hapo wengi bado wanapigana na herufi. Kwa joto la Dar, anza saa mbili na nusu asubuhi. Ikifika saa tano chini ya bati hatulii mtu. Watoto 20 wanahitaji walezi wawili, penseli 25 zilizochongwa, maji ya kunawa, tishu (ubuyu wa rangi huchafua karatasi) na punje moja ya ubuyu kwa kila mtoto.

Mkono tumboni. Wavute pumzi kwa puani mpaka tatu, waitoe taratibu mpaka tano, mara sita basi. Usilazimishe macho kufumbwa, watazame sakafu. Kicheko cha mwanzo kiache kipite, maana ukikemea utulivu umegeuka adhabu. Anayeona kizunguzungu anavuta kwa nguvu mno, apumue kawaida. Na usisubiri kimya. Kunguru, bajaji na honi havinyamazi, kwa hiyo kwa dakika moja wahesabu sauti hizo kwa vidole.

Sasa ubuyu. Wakae, waumumunye dakika moja bila kutafuna wala kusema, wasije wakapaliwa. Ukiuliza "mnajisikiaje?" utajibiwa "vizuri" mara 20. Uliza kidogo kidogo: uchachu umeanzia upande gani wa ulimi? Punje inakwaruza au inateleza? Wajibu kwa kuonyesha kidole. Mwezi wa Ramadhani wape wote jani la mwarobaini walifikiche na kulinusa, ili aliyefunga asibaki pembeni.

Mtunge kitendawili cha ubuyu pamoja ubaoni, kwani jibu kila mtu analijua. Piga marufuku maneno "tamu" na "chachu". Ndiyo yanayofanya kazi zote zifanane. Hapo hutokea kitu kama "Nimevuliwa nguo nyekundu, nimebaki mfupa."

Baada ya hapo kila mmoja achovye mkono kwenye mfuko wa vitu ulioandaa na kuchukua kitu chake kwa siri: karafuu, kombe la pwani, kipande cha mkaa, kokwa la embe. Akishike dakika mbili, aandike dakika kumi bila kukitaja. Ufutio uwe mbali, na kalamu nyekundu ya mwalimu iwe mbali zaidi: mtoto anayeogopa kukosea huandika maneno anayoweza kuyaendeleza tu, akayaacha aliyoyataka.

Kusoma ni hiari. "Kitendawili!" "Tega!" Wakishindwa, mtegaji adai mji, watampa Tanga, watampa Mbagala, na hapo ndipo darasa huchangamka.

Kazi ambazo hazikusomwa zipitie siku hiyohiyo. Ukikuta mtoto ameandika kupigwa au kuguswa vibaya, usiisome mbele ya wenzake wala usimhoji. Mweleze mwalimu wa malezi, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.